Baada ya Dunia Kuisha, Nani Anabaki?

Katika filamu ya 28 Days Later (2002), kijana aitwaye Jim anazinduka kitandani katika hospitali moja ya London na kukuta hakuna mtu. Mirija bado imo mwilini, simu zinaning'inia, sakafu imejaa takataka. Anatoka nje na nguo za hospitali, anavuka Daraja la Westminster, anaokota noti zilizotapakaa kwenye ngazi. Anaita, haitikiwi. Mwongozaji Danny Boyle ametuonyesha maabara ambamo virusi vilitoroka, kisha ameziruka siku 28 zote ambazo jiji la mamilioni ya watu lilikuwa likianguka. Ameziruka kwa makusudi, maana katika filamu za aina hii maangamizi yenyewe si hadithi. Hadithi inaanza pale ambapo kila kitu kimekwisha na mtu mmoja bado ana njaa.

Mtu anayeamka na kukuta dunia imekwisha ni kaida kongwe. John Wyndham aliitumia mwaka 1951 katika riwaya ya The Day of the Triffids, ambamo mgonjwa aliyefungwa macho anaamka hospitalini na kugundua kwamba karibu watu wote wamepofuka usiku mmoja. Tamthilia ya The Walking Dead iliirudia mwaka 2010 karibu hatua kwa hatua. Imedumu kwa sababu inamfaa mtazamaji: mhusika hajui kilichotokea, nasi hatujui, kwa hiyo tunapapasa pamoja naye. Inaufaa pia mfuko wa mtayarishaji. Boyle na wenzake walizuia barabara za London alfajiri kwa dakika chache chache tu, wakitumia kamera ndogo za dijitali ambazo zingeweza kutegwa na kuondolewa haraka. Miaka zaidi ya 40 kabla yao, mwaka 1959, Ranald MacDougall alifanya vivyo hivyo New York: aliwahi mitaa kabla jiji halijaamka, akamwachia Harry Belafonte atembee peke yake katikati ya majengo marefu. Jiji tupu halihitaji umati wa waigizaji wala majengo ya kulipuliwa.

Ninalitaja suala la fedha mapema kwa sababu kaida nyingi tunazozipa maana nzito zilizaliwa na bajeti finyu. Night of the Living Dead ya George Romero (1968) ina nyumba moja ya shambani huko Pennsylvania, watu saba waliojifungia ndani, na wafu wanaotembea polepole nje. Ilirekodiwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa fedha ambazo Hollywood isingeziita bajeti. Kisha likatokea jambo la kisheria ambalo liliathiri sinema ya dunia nzima. Msambazaji alibadilisha jina la filamu, na kwenye jina jipya tangazo la hakimiliki halikuwekwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, filamu ikawa mali ya umma. Yeyote angeweza kuinakili, kuionyesha, kuiiga. Zombi wa leo, anayekula nyama ya watu na kuambukiza kwa kung'ata, ameenea kiasi hiki kwa sehemu kubwa kwa sababu hakuwa na mwenyewe.

Husemwa mara nyingi kwamba chanzo cha maangamizi hufuata hofu ya zama. Ni kweli. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vikiwa vinaendelea, Wadenmark walitengeneza Verdens Undergang, ambamo kometi inaipita dunia kwa karibu na kuleta maafa. Baada ya Hiroshima ikaja miaka 40 ya mabomu: Five (1951), On the Beach (1959), La Jetée ya Mfaransa Chris Marker (1962), ambayo karibu yote ni picha mgando, na Planet of the Apes (1968). Yakafuata mafuta kwisha, virusi, utasa, barafu. Lakini orodha hiyo inaeleza machache kuliko tunavyodhani, kwa kuwa ukiondoa kometi ukaweka virusi filamu inabaki ileile. Kinachonishughulisha mimi ni kile kisichobadilika.

Na visivyobadilika ni vingi. Toroli la supamaketi linalosukumwa barabarani. Kopo la mwisho la chakula. Bunduki yenye risasi mbili. Baba na mtoto, au mgumu mmoja na mtoto asiye wake. Redio inayokoroma, na katikati ya mkoromo huo sauti inayodai kuna mahali salama kaskazini, au pwani, au ng'ambo ya milima. Kundi la wanaume wenye magari ambao hutawala kwa sababu hawana huruma. Chini ya vyote hivyo zimelala dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba siku maduka yakifungwa, jirani anageuka mnyama. Ya pili ni kwamba maangamizi hayajatokea bado. Yako mbele yetu. Naamini dhana zote mbili ni za mtu aliyekulia mahali ambapo maduka hayajawahi kuwa matupu, na kwamba filamu zilizodumu katika utanzu huu ni zile zilizothubutu kuvunja walau moja.

Zipo zilizokataa hata kuziruka zile siku za mwanzo. Peter Watkins alitengeneza The War Game kwa ajili ya BBC mwaka 1965, akiigiza shambulio la nyuklia huko Kent kwa mtindo wa filamu ya habari. Ilitisha kiasi kwamba shirika lenyewe lilikataa kuirusha hadi mwaka 1985, ingawa kwingine ilionyeshwa na hata kupata Oscar kama filamu ya hali halisi. Mwaka 1983 televisheni ya ABC ilirusha The Day After, na Wamarekani wapatao milioni 100 waliutazama mji wa Lawrence, Kansas, na maeneo ya jirani yakikumbwa na shambulio la nyuklia. Rais Ronald Reagan aliiona kabla ya umma na akaandika katika shajara yake kwamba imemhuzunisha sana.

Kali kuliko zote ni Threads ya Waingereza (1984), iliyoandikwa na Barry Hines na kuongozwa na Mick Jackson. Inaanza na vijana wawili wa Sheffield wanaotaka kuoana kwa sababu binti ana mimba: mazungumzo ya kodi ya nyumba, karatasi za ukutani, wakwe wasioelewana. Bomu linapoanguka filamu haisimami. Inaendelea kwa miaka kama 13. Tunawaona maofisa wa halmashauri waliojichimbia chini ya jengo lao na mipango yao ya dharura, wakigombana juu ya mgawo wa chakula hadi hewa inawaishia. Tunamwona Ruth akizeeka kabla ya wakati, akilima kwa jembe la mkono chini ya jua linalochoma macho, akifia kitandani. Na tunamsikia binti yake, Jane, akizungumza lugha iliyokatika vipande, kwa sababu hakuna aliyebaki na muda wa kumfundisha mtoto sentensi nzima. Hakuna shujaa wala genge lenye magari. Ustaarabu unakufa kwa kukosa mbegu, mbolea, shule na sabuni. Sijui filamu nyingine iliyoeleza vizuri zaidi jinsi maisha ya kawaida yanavyoshikiliwa na nyuzi ambazo hatuzioni.

Filamu nyingi zaidi zilifuata njia nyingine, na aliyeifungua ni George Miller. Alikuwa daktari Sydney, akipokea majeruhi wa ajali za barabarani, kabla ya kutengeneza Mad Max (1979) pamoja na Byron Kennedy. Mwandishi mwenzake, James McCausland, alikuwa mwanahabari aliyeona jinsi Waaustralia walivyopigana kwenye vituo vya mafuta wakati wa mgogoro wa mwaka 1973. Filamu ya kwanza bado ina polisi na mahakama. Ni ya pili, ya mwaka 1981, iliyorekodiwa karibu na Broken Hill, ndiyo iliyotoa sura ambayo dunia nzima iliinakili: jangwa, barabara moja iliyonyooka, magari yaliyoungwa kwa vyuma chakavu, na wanaume waliovaa ngozi nyeusi na vikinga mabega vya wachezaji wa raga ya Kimarekani. Waitaliano waliiiga, Wajapani wakaiingiza katika vitabu vya katuni, watengenezaji wa michezo ya kompyuta wakaifanya kanuni. Leo mtoto yeyote akichora dunia iliyokwisha atachora kitu kinachofanana na Broken Hill.

Kuna tukio dogo katika The Road ya John Hillcoat (2009), iliyotokana na riwaya ya Cormac McCarthy, ambalo linaonyesha kiini cha ulimwengu huu vizuri kuliko mbio zote za magari. Baba na mwanawe wanatembea kuelekea pwani katika nchi iliyokufa kabisa, miti imekauka, majivu yanaanguka. Baba anachokora mashine ya kuuzia vinywaji na kutoa kopo moja la soda. Anampa mtoto. Mtoto hajawahi kuonja kitu kama hicho, anashangaa mapovu. Anataka baba naye anywe. Katika tukio hilo bidhaa ya kawaida kabisa ya dukani inageuka kuwa urithi, kitu cha kupokezana kama vile wazee wanavyompa kijana kisu au shamba. Linagusa, na ni la kweli kwa namna yake. Lakini linatuambia pia nani anaota ndoto hii: ni mtu ambaye kwake mwisho wa dunia maana yake ya kwanza ni kwamba rafu za duka hazitajazwa tena.

Na ndani ya filamu hiyohiyo wamo walaji watu, wanaowafungia binadamu wenzao chini ya nyumba kama mifugo. Hapa tunafika kwenye dhana ya kwanza, na ni lazima tuipime kwa yaliyowahi kutokea.

Sehemu ya The Road ilirekodiwa New Orleans, katika mitaa iliyobomolewa na kimbunga Katrina. Kilichotokea huko mwaka 2005 kinastahili kukumbukwa na kila anayependa filamu hizi. Jiji lilipofurika mwishoni mwa Agosti, redio na televisheni zilijaa habari za magenge, ubakaji wa watoto na maiti zilizorundikana ndani ya uwanja wa Superdome walikokimbilia maelfu ya watu, wengi wao weusi na maskini. Baadaye ilibainika kwamba sehemu kubwa ya habari hizo ilikuwa uvumi. Waliokufa ndani ya uwanja walikuwa wachache, na wengi wao walikufa kwa maradhi. Lakini meya alikuwa ameshaamuru polisi wapatao 1,500 waache kuokoa watu wakazuie uporaji. Tarehe 4 Septemba, kwenye Daraja la Danziger, polisi waliwafyatulia risasi raia wasio na silaha, wakawajeruhi wanne na kuwaua wawili. Baadhi ya maofisa waliohusika walikiri makosa mahakamani miaka 11 baadaye. Wakati huohuo watu wa kawaida walikuwa wakizunguka kwa maboti yao wenyewe kuwatoa majirani juu ya mapaa. Hofu ya magenge, ile tuliyofundishwa na sinema, iliua. Watafiti wa majanga nchini Marekani, ambao kituo chao cha kwanza kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1963, wamekuwa wakisema kwa miongo kadhaa kwamba baada ya msiba watu kwa kawaida husaidiana, na kwamba wasaidizi wa kwanza karibu kila mara ni majirani.

Sisi tuliliona hilo Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria yenye watu 43 ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja. Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao aliupiga mlango wa nyuma kwa kasia mpaka ukafunguka. Watu 19 walifariki na 24 wakaokoka, na walipokuwa wakitolewa majini hakuna aliyewauliza wale wavuvi nani amewatuma.

Najua mtu wa eneo letu la Maziwa Makuu atanijibu kwa neno moja: Rwanda. Huko mwaka 1994 majirani waliwaua majirani, na hakuna anayeweza kulipuuza jibu hilo. Ila tuangalie mauaji hayo yalivyotokea. Serikali ilikuwepo. Viongozi wa mitaa waliitisha mikutano, vizuizi vya barabarani vilipangwa, orodha za majina ziligawiwa, redio ya RTLM ilitaja watu na mahali walipojificha. Mauaji yale yalitokana na mamlaka iliyofanya kazi yake ya uovu kwa bidii. Hayakuzaliwa na kukosekana kwa mamlaka. Filamu za baada ya maangamizi hutufundisha kuogopa siku ambayo polisi watatoweka. Historia ya karne ya 20 inatutaka tuiogope pia siku ambayo vyombo vyote vipo na vimeelekezwa kuua. Kaida ya genge la jangwani inaficha jambo hilo, na kwangu mimi hilo ndilo kosa lake kubwa.

Kaida nyingine, isiyotajwa sana, ni ya rangi. Tangu mwanzo watengenezaji walijiuliza: dunia ikiisha, ubaguzi utaisha nayo? Majibu yao yanatofautiana kwa namna inayosema mengi. Katika Five, mweusi pekee kati ya manusura watano, Charles, ni mmoja wa wanaolima shamba lao, naye anauawa na mbaguzi. Katika filamu ya Belafonte, The World, the Flesh and the Devil, mkaguzi wa migodi Ralph Burton anaokoka kwa kuwa alikuwa amefukiwa chini ya ardhi. New York nzima ni yake na ya mwanamke mmoja mweupe, Sarah. Siku ya kuzaliwa ya Sarah, Ralph anamwandalia chakula cha jioni katika ukumbi wa kifahari, taa zinawaka, meza imetandikwa. Sarah anamkaribisha akae. Ralph amevaa kama mhudumu wa mezani na anakataa: mhudumu haruhusiwi kukaa na wateja. Hakuna mtu mwingine jijini wa kumkataza. Sheria imebaki mwilini mwake. Kwa dakika zile chache filamu ya mwaka 1959 inasema jambo ambalo magenge yote ya jangwani hayajawahi kulisema: mpangilio wa jamii unaweza kuishi muda mrefu baada ya jamii yenyewe kufa.

Romero alikwenda mbali zaidi. Duane Jones, mwigizaji mweusi, alipewa nafasi ya Ben katika Night of the Living Dead kwa sababu alifanya vizuri kuliko wote kwenye usaili. Ben anastahimili usiku mzima. Asubuhi wanafika wanaume weupe wenye bunduki na mbwa, wakisafisha eneo. Wanamwona dirishani, wanadhani ni zombi, wanampiga risasi ya kichwa. Filamu ilitoka Oktoba 1968, miezi michache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Usalama umerudi, na usalama ndio uliomuua.

Jambo moja huwashangaza watazamaji wetu waliolelewa msikitini au kanisani. Tunakijua Kiyama. Tumekisikia katika mawaidha, katika tenzi, katika mahubiri ya Jumapili, na kila mara kina hakimu: baada ya mwisho kuna hesabu, na kila mtu anaulizwa alichofanya. Filamu hizi zimechukua moto na tetemeko zikamwacha hakimu nje. Dunia inaisha na hakuna anayeulizwa. Nafasi ya hukumu inachukuliwa na bunduki, au na swali la nani ana maji. Waongozaji wachache wamelihisi pengo hilo. The Book of Eli (2010) inampa Denzel Washington kitabu kitakatifu abebe kuelekea magharibi, na mtawala mmoja anakitaka kwa sababu anajua maneno yale yanaweza kutawala watu kuliko risasi. Ni filamu yenye kasoro, lakini imeuliza swali ambalo nyingine hulikwepa.

Mahali salama ndipo kaida hizi zote huelekea, na ndipo filamu nyingi hudanganya. Meli inaonekana, lango linafunguka, bendera inapepea, tunaambiwa twende nyumbani. Children of Men ya Alfonso Cuarón (2006) inaitumia meli hiyo, lakini kabla ya kufika inatupa jambo zito zaidi. Uingereza ya mwaka 2027 haijapata mtoto kwa miaka 18, na inawafungia wakimbizi kwenye vizimba. Mwenye mimba ni Kee, mkimbizi msichana kutoka Afrika, aliyeigizwa na Clare-Hope Ashitey. Anashuka ngazi za jengo linalopigwa mabomu akiwa amembeba mwanawe, mtoto analia, na askari wanaacha kupiga risasi. Wengine wanapiga goti. Amani inadumu mpaka Kee avuke, kisha mizinga inaanza upya. Tumaini la dunia limewekwa mikononi mwa mtu ambaye dunia ile ilikuwa ikimfukuza.

Miller naye, akirudi na Mad Max: Fury Road mwaka 2015, aliivunja kaida aliyoijenga mwenyewe. Furiosa anatoroka na wake watano wa mtawala anayemiliki maji, akitafuta bonde la kijani alikozaliwa. Anakuta limeshakuwa tope la sumu. Badala ya kuvuka uwanda wa chumvi kutafuta mahali pengine, wanageuza magari na kurudi walikotoka, kwa kuwa huko ndiko kuliko maji, na mfuko wa mbegu wanao. Mahali salama ni palepale palipokuwa na dhuluma, ikiwa dhuluma itaondolewa. Filamu ilipata tuzo sita za Oscar na ilizistahili.

Ila ilirekodiwa Namibia. Broken Hill ilikuwa imepata mvua nyingi, jangwa likachanua maua, halikufaa tena kuwa dunia iliyokufa, kwa hiyo msafara ukahamia pwani ya Namib. Wanamazingira wa huko walilalamika kwamba magari yanaharibu uoto mdogo sana unaoishi kwa ukungu wa bahari. Kwa kamera, Namib ni mahali pasipo na kitu. Kwa wanaoijua, ni hai. Afrika imetumika mno kama mandhari ya mwisho wa dunia wa watu wengine, na ndiyo maana kazi za Waafrika wenyewe, au zilizotengenezwa pamoja nao, katika utanzu huu zinanigusa kwa namna tofauti.

Ya kwanza ni Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu (2009), ya dakika kama 20 tu. Miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vilivyopiganiwa maji, watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jumuiya iliyofungwa iitwayo Maitu. Hakuna genge hata moja. Kuna ofisi, vibali, baraza linaloonekana kwenye skrini, na vidonge vya kuzuia ndoto. Umeme unazalishwa na watu wanaofanya mazoezi kwenye mashine. Jasho na mkojo vinakusanywa, vinasafishwa, vinarudishwa kama maji ya kunywa, na kila mtu ana mgawo wake. Asha, mwangalizi wa makumbusho ya viumbe asilia, anapokea udongo usiojulikana ulikotoka. Anaupima na kukuta hauna mionzi, una unyevu. Anaweka mbegu ya zamani, inachipua. Baraza linamkatalia kibali cha kutoka. Anatoroka kwa msaada wa mfanya usafi ambaye yeye Asha aliwahi kumgawia maji yake, anatembea jangwani, anapanda mche, anaumwagilia tone la mwisho na jasho lake, kisha anaukinga jua kwa mwili wake.

Mwaka uleule Kahiu alitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu mtetezi wa miti Wangari Maathai, For Our Land, na hilo linaonekana. Asha hakimbilii mahali salama. Anapanda. Uovu katika Pumzi ni wa kiofisi, wenye utaratibu na usafi, na mtazamaji wa Nairobi au Dodoma aliyewahi kuzungushwa kutafuta kibali anautambua mara moja. Dhana ya jirani-mnyama imewekwa kando: tendo linaloiokoa hadithi ni maji kidogo aliyopewa mfanya usafi.

Crumbs ya Miguel Llansó, Mhispania aliyerekodi Ethiopia (2015), inafanya kazi na lile kopo la soda kwa njia nyingine. Candy anaokota mabaki katika mandhari ya Dallol, makazi ya wachimba madini yaliyotelekezwa huko Danakil, na mwenye duka anavithamini vikaragosi vya plastiki na sahani ya santuri ya Michael Jackson kana kwamba ni vyombo vya wafalme. Mpenzi wake anasali mbele ya picha ya Michael Jordan. Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman (2021), iliyorekodiwa Rwanda na inayosikika kwa Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili na lugha nyingine, inaanza kwenye mgodi wa koltani ambapo mchimbaji anauawa na mlinzi, kisha inatupeleka kwenye kijiji kilichojengwa kwa kompyuta zilizotupwa. Haijitangazi kuwa filamu ya baada ya maangamizi. Lakini wahusika wake wanaishi ndani ya takataka za dunia ambayo mahali pengine bado inang'aa, na hapo dhana ya pili, kwamba maangamizi yako mbele, inavunjika.

Kwa kuwa hapa kwetu yameshawahi kutokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe. Makadirio ya kawaida ni tisa katika kila kumi. Ikafuata ndui, ikafuata njaa. Wamaasai wanauita wakati huo Emutai. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, alikutana na watu waliobaki mifupa na ngozi, na akakadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wamekufa. Miaka 13 baadaye vikaja vita vya Maji Maji. Wajerumani walichoma vijiji na maghala kusini mwa Tanganyika. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo hadi mwaka 1907 na katika njaa iliyofuata yanafika watu 250,000 hadi 300,000. Mashamba yakarudi kuwa pori, pori likaleta mbung'o, na sehemu ya ardhi hiyo ikaja kuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Filamu za Marekani hupenda kuonyesha kulungu wakikimbia katikati ya New York, kama ilivyo katika I Am Legend (2007), kuashiria kwamba binadamu ameondoka na asili imerudi. Ngorongoro na Selous watalii huonyeshwa picha hiyohiyo wakiambiwa kwamba ndivyo palivyokuwa tangu kuumbwa kwa dunia. Chini ya nyasi kulikuwa na mashamba na maboma.

Mwongozaji atakayeigeukia miaka ile hatahitaji kubuni chanzo wala mandhari, na atakuta kumbukumbu zinazomkatalia dhana zote mbili. Wamaasai waliopoteza ng'ombe walikimbilia kwa wakulima jirani, kwa Wakikuyu na wengine, wakapokewa, wakafundishwa jembe, wakaoa na kuolewa. Walikuwepo pia waliowaweka watoto wao rehani kwa chakula, na watoto wengine hawakurudishwa, na madeni hayo yalizaa uhasama mpya mifugo ilipoanza kuongezeka tena. Mapokezi na rehani vilitokea katika boma lilelile, pengine mikononi mwa mama mmoja.